Kalsiamu ya Rono Haikutoka kwa Ng'ombe

Uskoti
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Nakushika mkono wa kulia, na wangu wa kushoto nimeuweka chini ya kiwiko, kama ulivyotufundisha kuwasalimu wakubwa. Hujambo? Goti linasemaje? Binamu yetu Selina aliniambia siku hizi unakwenda zizini bila mkongojo, nikafurahi. Halafu akaongeza kwamba unabeba na ndoo, nikaudhika. Ndoo mpe mtu mwingine. Na mvua je? Imeshika huko Kiplombe, au mbegu bado iko guniani mkitazama mawingu?

Sisi huku ni wazima. Kamau bado anaendesha basi la jiji na bado analalamika kwamba abiria wa hapa hawaongei. Nyambura amenipita kwa urefu, na Kiingereza anachozungumza sasa hata babake hakielewi. Mimi kazi ni ile ile, kuwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa. Nawaosha, nawalisha, nabishana nao kuhusu siasa. Muda ukibaki naandikia magazeti. Barua zangu huchapwa, lakini mhariri hukata sehemu ninazozipenda, kwa hiyo nimegombana naye pia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ndiyo iliyotuletea haya yote. Nikipiga, Baba Mdogo Barnaba huichukua mkononi mwako, huiweka sauti ya juu boma zima lisikie, halafu anajibu kwa niaba yako. Barua hataweza kuijibu kabla hujaisoma. Mama Eunice wa kanisa letu anasafiri kuja Eldoret wiki hii, na ameniahidi ataitia mkononi mwako yeye mwenyewe. Isome peke yako kwanza, kabla ya kikao cha Jumamosi.

Ninachokitaka katika kikao hicho ni kimoja. Rono atoke kwa Selina kule Kimumu, arudi kwako, akae mezani kwako na anywe kinachonywewa na kila mtu.

Lakini usianze kufurahi kwamba hatimaye nimejifunza kumpenda mdogo wangu bila kinyongo. Bado namwonea wivu, Mama. Nilianza siku aliyozaliwa na sijawahi kupumzika. Mimi ndiye uliyenizaa kwanza, ila Kiplombe nzima inakuita Mama Rono. Nilipokuwa wa kwanza darasani, baba alisema vizuri. Rono alipojifunza kuwasha trekta, baba alichinja mbuzi. Ninyi mnalikumbuka hilo kama sherehe. Mimi nalikumbuka kama hoja ambayo sijajibiwa.

Halafu ukaja ule uchaguzi wa 2007, na Januari yake ya moto.

Unakumbuka nilichofanya mimi. Niliandika karatasi ya kurasa nne, nikapiga nakala, nikabandika stendi na kwenye milango ya makanisa. Niliwaeleza vijana wetu kwamba jirani si kura, na kwamba ukimchomea mtu nyumba huwi na ardhi zaidi, unakuwa na majivu zaidi. Ilikuwa karatasi nzuri. Naweza kusema hivyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeisoma akasema. Kufikia alasiri zote zilikuwa zimechanwa.

Rono yeye hakuandika neno. Alikuwa halali usiku, hali chakula, anaongea kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni na muda umekwisha. Akachukua trekta la marehemu baba na trela lake, akaingia Kimumu, akaanza kubeba Wakikuyu, watu wa kina Kamau, na magodoro yao kuwapeleka kituo cha polisi. Kwenye kila kizuizi alishuka, akawahutubia vijana wenye mapanga, akawataja mama zao kwa majina, akawauliza kama wamekula. Walicheka wakampisha. Walidhani anachekesha. Alikuwa anaumwa, lakini ni sisi tuliokuja kulijua hilo baadaye.

Mimi pia alinibeba. Mimi, Kamau, na Nyambura akiwa amefungwa mgongoni mwangu, huku nyuma yetu nyumba yetu inawaka na vitabu vyangu ndani. Watu husema huwezi kumwonea wivu mtu aliyekuokoa. Si rahisi, ila mimi nimeweza. Pale juu ya trela, nimekalia godoro la jirani, niliwaza: hata hili limekuwa lake.

Watu wa Eldoret hawapendi kuukumbuka mwezi ule, kwa hiyo nitaukumbuka kwa niaba yao. Mji mzima ulikuwa haulali. Mji mzima uliongea bila kituo, ukaamini una nguvu zisizo na mwisho, ukafanya mambo ambayo mtu mwenye akili zake hafanyi. Moshi ulipopungua, aliyeandikiwa ugonjwa hospitalini alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akibeba magodoro. Nimelisema hili kwenye mikutano huku na watu wakapiga makofi. Lakini siwaungi mkono wale wanaoendelea kutoka hapo wakadai Rono hakuwa mgonjwa bali nabii. Hao hawakumwona alipoanguka. Hawakuwepo alipojifungia ghalani, akageukia ukuta, akawa hawezi hata kusema anataka kufa kwa sababu kusema kulimchosha. Alikuwa mgonjwa alipokuwa juu na alipokuwa chini. Anayemwita nabii hatampeleka kliniki, na bila kliniki tungekuwa tumemzika.

Wewe ulikaa naye ghalani. Ulimnywesha maziwa ya mursik kijiko kwa kijiko kutoka kibuyu chako mwenyewe, ule mursik wenye mkaa wa kutosha ambao hakuna mtu mwingine anajua kuutengeneza. Mimi nilikuwa kwenye hema la wakimbizi katika uwanja wa maonyesho, na mtoto, na mume asiyeweza kutoka nje ya lango bila kuogopa. Nilikungoja. Najua barabara zilikuwa zimefungwa. Najua Rono angekufa. Nilijua hata wakati ule, na bado nilikungoja.

Basi. Nije kwenye jambo lenyewe.

Huku tunakokaa kuna watafiti wanaochunguza damu ya watu wenye ugonjwa kama wa Rono, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Waliweka tangazo katika kliniki ninayowapeleka wazee: wanatafuta wagonjwa, na wanatafuta pia ndugu zao wa damu walio wazima, ili walinganishe. Nikaenda. Nilijiambia naenda kwa ajili ya elimu. Nilikuwa nimesoma kila nilichokipata kuhusu ugonjwa huu, na nilitaka kuwauliza maswali magumu.

Mtafiti mkuu ni mwanamke wa rika langu, Daktari Moira, mpole hadi inakera. Aliniketisha akaanza kuuliza. Rono alianza kuumwa akiwa na umri gani? Rono alikuwa mtoto wa namna gani? Rono hulala vipi, hula vipi, humeza dawa gani? Nikajibu mpaka koo likakauka. Mwishowe akafunga faili, akanishukuru, akanyoosha mkono wangu atafute mshipa. Hapo ndipo nilipoelewa. Nimevuka bahari, nimebadilisha bara, na hata damu yangu inatakiwa kwa sababu ya Rono.

Nikamuuliza basi anatafuta nini humo. Sasa soma polepole, Mama, kwa sababu hapa ndipo Baba Mdogo alipoteleza.

Ndani ya damu kuna chembe hai, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Nje ya kila chembe kuna kalsiamu tele, na ndani mwake kuna kidogo mno. Chembe hufanya kazi kubwa kuhakikisha inabaki kidogo, kwa sababu huitumia kalsiamu kama wewe ulivyoitumia kengele kule shule ya chekechea. Jambo likitokea, milango midogo hufunguka, kalsiamu kidogo huingia, na hiyo ndiyo kengele: amkeni, fanyeni kazi. Kisha husukumwa nje upesi, na kengele hunyamaza. Unakumbuka siku mtoto yule wa mchungaji alipoipata kengele yako akaigonga asubuhi nzima? Hakuna aliyejua kama ni saa ya kuingia au ya uji.

Watafiti wameona kwa miaka mingi kwamba kwa watu kama Rono, ukiwakusanya wengi na kuwalinganisha na wazima wengi, kengele hiyo huelekea kulia kwa sauti zaidi. Si kwa kila mmoja wao, na wataalamu wenyewe bado wanabishana sababu ni nini. Wanachokitaka hasa ni ubongo, lakini ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande ukaangaliwa. Kwa hiyo wanaangalia damu, kama mtu anayechungulia jikoni kwa jirani kujua kama sebuleni kuna wageni. Na dawa ya Rono, ile lithiamu, inadhaniwa kwamba sehemu ya kazi yake ni kuituliza kengele.

Daktari Moira alinionyesha skrini. Wanaziwekea chembe rangi inayong'aa kalsiamu ikipanda, halafu wanazichokoza kwa tone la dawa. Mstari unaruka juu, kisha unateremka. Siku hiyo ilikuwepo mistari kadhaa na mmoja ulikuwa wangu. Nikamuuliza ni upi. Akakataa kunionyesha. Alisema mstari wa mtu mmoja haumwambii mtu huyo lolote. Nikamwambia damu ni yangu. Akasema, "Damu ni yako. Jibu ni la wote kwa pamoja."

Tulibishana sana. Sitakuficha kwa nini. Nilitaka mstari wangu uwe ule ulioruka juu kuliko yote. Nilitaka daktari aniambie kwamba na mimi ninayo, kwamba hasira yangu hii ambayo ninyi mmeichoka tangu nikiwa darasa la tatu ina jina na kliniki, kwamba kuna mtu angepaswa kuja kukaa nami ghalani. Nilirudi nyumbani nikiwa na plasta mkononi, mzima kabisa, nimekasirika.

Jioni hiyo nilikupigia. Nilikuwa nimechoshwa na yule mama wa maombi anayesema Rono amebeba laana ya watu waliochomewa nyumba, kana kwamba laana ingeanzia kwa mtu aliyewabeba. Nilikuambia laana hiyo haipo, kuna kitu kwenye damu kinachoweza kupimwa, ni kalsiamu ndani ya chembe kuwa juu. Simu ilikuwa mkononi mwa Baba Mdogo. Nililosema lilikuwa kweli na siombi radhi kwa kulisema. Ninachojuta ni kwamba sikusikia alivyonyamaza. Baba Mdogo akinyamaza, ujue anafikiri, na akishafikiri hakuna wa kumrudisha.

Simdharau. Hoja yake Selina amenieleza yote, na kwa kweli ni hoja. Baba Mdogo amefuga maisha yake yote. Amemwona ng'ombe aliyezaa jana ameanguka zizini, shingo imepinda, masikio baridi, na amemwona daktari wa mifugo akija na chupa ya kalsiamu, akimtia mshipani, na ng'ombe akasimama kabla chupa haijakauka. Hakuna mfugaji Uasin Gishu asiyelijua hilo. Ng'ombe huanguka kwa sababu kalsiamu yake yote imekwenda kwenye maziwa. Basi akaunganisha. Kalsiamu ikipungua, kiumbe huanguka. Ikizidi, kiumbe hupanda wazimu. Inatoka wapi? Kwenye maziwa. Nani anakunywa maziwa kuliko wote bomani? Rono. Na nani alianza kumnywesha tangu ghalani? Wewe. Nasikia alikuambia, "Mama Rono, umekuwa ukimlisha mwanao ugonjwa kwa kijiko." Nawe ukalia, ukafunga kibuyu.

Hapo ndipo ninapomkasirikia, si kwa kukosa elimu bali kwa neno hilo.

Mwambie hivi. Ng'ombe wake na mwanao ni mambo mawili. Kilichompungukia ng'ombe ni kalsiamu ya kwenye damu yenyewe, ile iliyo nje ya chembe. Ile anayochunguza Daktari Moira iko ndani ya chembe, na haipandi kwa sababu mtu amekunywa. Mtu anywe mursik debe zima, mwili wake hupanga kiasi cha kubaki kwenye damu, kinachozidi huwekwa kwenye mifupa au hutupwa nje na mkojo. Kengele kulia kwa sauti hakuhusiani na shaba kuwa nyingi dukani. Mimi nimekunywa maziwa yale yale, kutoka ng'ombe wale wale, na nina hasira tu.

Lakini lililotokea baadaye ndilo sharti lisemwe kikaoni kwa sauti. Rono alinyimwa maziwa, na katika nyumba yetu ukimnyima mtu maziwa umemnyima karibu kila kitu, maana chai ni maziwa, uji ni maziwa, na mboga yetu ya isagek hutiwa maziwa. Akaletewa strungi, chai isiyo na tone la maziwa. Siku wageni wa kanisa walipokuja, vikombe vyote mezani vilikuwa vya chai nyeupe, na mbele yake kikawekwa kimoja cheusi. Hakukigusa. Tangu siku hiyo hakugusa kikombe chochote, na chakula akala kama ndege. Dawa tu ndiyo aliyoendelea kumeza, kwa sababu alikuahidi wewe.

Lithiamu ni aina ya chumvi, Mama. Figo huitoa mwilini pamoja na maji. Mtu akiacha kunywa na kula ipasavyo, dawa haipati njia ya kutoka, inarundikana mpaka inageuka sumu. Mikono ikaanza kumtetemeka. Akatapika, akaharisha, akayumba kama mlevi, ulimi ukawa mzito. Na mlisema nini? Baba Mdogo alisema kalsiamu imeanza kutoka. Mlimtazama mtu anayekufa mkadhani mnamtazama mtu anayepona.

Selina aliponieleza kwenye simu, nilikuwa nimemshika mzee mmoja bafuni, ana sabuni kichwani. Nilipiga kelele mpaka yule mzee naye akaanza kupiga. Nilimwambia Selina aache kila kitu, asimpe kidonge kingine hata kimoja, amtie kwenye gari la mumewe, na akifika hospitali aseme neno moja tu, lithiamu, kabla hawajamuuliza kama ni pombe. Alifanya hivyo. Walimpima kiwango, wakamwekea dripu, na unajua yaliyobaki. Mungu ambariki Selina kwa kuendesha gari bila leseni.

Sasa Rono yuko Kimumu, amekonda, ila anasimama. Daktari amemrudishia dawa polepole na amesema anywe: maji, chai, maziwa, chochote, ilimradi anywe kila siku. Na hata sasa nasikia Baba Mdogo ameitisha kikao kuamua kama ni salama arudi nyumbani, na kwamba jambo la maziwa liko kwenye mazungumzo. Hata pale hospitalini alipoonyeshwa kipimo cha lithiamu, nasikia alisema madaktari nao hukosea.

Juzi Rono alinipigia mwenyewe. Tulianza kwa salamu, akacheka kidogo kuhusu chai ya Selina, kwamba ina sukari ya kuamsha maiti. Halafu akaingia kwenye habari ya kile kikombe cheusi na sauti ikapanda. Alisema atasimama kikaoni amwambie Baba Mdogo uso kwa uso kwamba alimwaibisha mbele ya wageni na karibu amuue. Alisema mengi, haraka, na yote yalikuwa kweli. Nami, dada yake, mtu wa vitabu, mtetezi wake, unajua nilisema nini?

Nilisema, "Rono, leo umemeza dawa?"

Kisha akasema, taratibu, "Dada, unajua mimi hukuonea wivu?"

Nikamuuliza wivu wa nini, wa kuosha wazee wa watu?

"Wewe ukikasirika," akasema, "watu wanakujibu. Mimi nikikasirika, wananiuliza kama nimemeza dawa."

Wewe unanijua, Mama. Tangu nimeanza kusema sijawahi kukosa jibu, na sasa nilisimama jikoni na simu sikioni, kijana wa watu akingoja. Nilikumbuka vita vyangu vyote. Nimemwita mchungaji mwongo mbele ya waumini, nikaitwa mtovu wa adabu, nikajibiwa. Nimemtukana diwani, nikajibiwa. Baba Mdogo na mimi tumepigana kwa maneno kila Krismasi, mpaka yeye anatoka nje kuvuta pumzi, na kila mara anarudi na hoja mpya. Hajawahi hata siku moja kunitazama mikono kama inatetemeka. Na mimi, yule niliyemlilia Daktari Moira anipe mstari ulioruka, nilitaka niwe na kile ambacho Rono angekitoa bure, akipata tu mtu mmoja wa kumgombeza kama mtu.

Nilimwomba radhi. Alisema haidhuru. Halafu akaongeza kwamba ndiyo, amemeza.

Kwa hiyo ombi langu limebadilika tangu nilipoanza kuandika, na nimeona nisirudi kufuta. Maziwa arudishiwe, hilo si la kujadiliwa. Daktari amekwisha kusema na mimi nimekwisha kueleza. Lakini hata mkimrudishia kibuyu kizima huku mkimtazama kwa pembe ya jicho, mtakuwa mmemrudishia maziwa tu. Jumamosi, Rono asimame aseme. Aseme kwa sauti atakayotaka, arefushe atakavyo, akasirike. Kila mtu aliyenyweshwa alichonyweshwa angekasirika. Akimaliza, Baba Mdogo amjibu, hoja kwa hoja, kwa ukali ule ule anaonitolea mimi, bila kumlegezea. Akikosea Rono, aambiwe amekosea. Akikosea Baba Mdogo, akubali mbele ya watu. Na yeyote atakayefungua mdomo kumuuliza Rono habari ya vidonge ndani ya kikao, wewe mwenyewe umtoe nje. Vidonge vina kliniki yake na siku yake, na Selina humsindikiza. Mimi sisemi vidonge havina maana. Karibu nimpoteze ndugu kwa sababu ya hesabu mbaya ya vidonge na maji. Nasema tu havikai mahali pa jibu.

Kama ataumwa tena, na anaweza kuumwa tena, utajua, kwa sababu unamjua. Atakuwa halali usiku. Hutahitaji kumsubiri akasirike ndipo umshuku.

Nisalimie Selina, na mumewe mwalimu wa hesabu, umwambie gari lake limefanya kazi nzuri kuliko kauli zake zote kuhusu petroli. Nisalimie katibu wa kwaya, aliyekuwa akinificha vitabu visikamatwe na baba. Nisalimie mjane wa jirani yetu wa bondeni, aliyerudi kulima pale pale nyumba yake ilipoungua. Mwambie Kamau anamuulizia kila mara. Mama wa maombi umsalimie pia, lakini kwa ufupi. Na Baba Mdogo Barnaba msalimie kwa heshima zote. Mwambie kuhusu ng'ombe sina la kumfundisha, na kuhusu Rono asubiri Jumamosi.

Nikikiweka kikao hicho kichwani, namwona Rono amesimama, Baba Mdogo amekunja mikono, nyote mmeketi kuwasikiliza wawili hao wakitupiana maneno kama watu wazima wenye akili zao. Mimi nitakuwa huku, natazama saa. Nitamwonea wivu kwa kila neno.

Binti yako anayekupenda,

Jelagat